Malakiti kwa Mfuko Mdogo: Jiwe Lipi la Kijani Lastahili Pesa Yako

Ukiwa na shilingi elfu tatu au nne za kuanzia, na wataka jiwe la kijani la shaba la kuweka kabatini, jibu ni fupi. Nunua kipande kidogo cha malakiti ghafi kutoka Kongo, ambacho angalau upande mmoja haujapita kwenye msasa, na muuzaji awe anaweza kukutajia kilitoka mji gani. Liache yai lililong'arishwa. Mwache kifaru wa kuchongwa. Na ile fuwele ya kijani inayometameta kwa bei ya sahani ya biriani, iache kabisa mpaka umeitia maji.

Sababu ndizo hizi.

Pwani hatuna mgodi wa shaba. Kilichochimbwa Kwale kuanzia 2013 hadi mwisho wa 2024 ni mchanga wa titani, na Taita wana vito vyao vya aina nyingine. Kenya iliwahi kuchimba shaba pamoja na dhahabu kule Macalder, Migori, lakini mgodi ule ulifungwa miaka ya 1960, na anayekwenda huko leo anafuata dhahabu. Uganda walikuwa na Kilembe, na shaba yake iliyeyushwa Jinja kisha ikashuka kwa reli hadi Kilindini. Hiyo ilipita hapa ikiwa imekwisha kuwa metali ya kuuza. Jiwe lenyewe la kijani halikuja nayo.

Jiwe la kijani latoka Katanga ya Kongo: Kolwezi, Likasi, Kambove, na viungani mwa Lubumbashi ambako mgodi wa Étoile huitwa pia Kalukuluku. Zamani malakiti iliyosifika ilitoka milima ya Urali nchini Urusi. Ile ikaisha kwa sehemu kubwa, na sasa Kongo ndiyo ghala la dunia. Njia ya barabara ni ndefu: Kasumbalesa kuingia Zambia, kisha Tunduma, Dar es Salaam, Tanga, mpaka wa Horohoro na Lungalunga, hatimaye Likoni. Kila mkono ulioshika gunia njiani umejiongezea chake. Kwa hiyo bei ya kwanza utakayotajiwa Mombasa imebeba nauli na faida za watu wengi, na ndani yake mna nafasi ya kupatana. Usiione kuwa ni ufidhuli kusema, "Ami, hiyo bei ya mgeni. Niambie ya mwenyeji."

Kijani si shaba kila mara

Wauzaji wengi wa vinyago wanauza rangi, hawauzi madini. Ukiomba jiwe la kijani utaletewa chochote kilicho kijani, na hakuna aliyekudanganya. Ni wewe hukuuliza sawasawa.

Kuna gaineti ya kijani ya Taita, ile iitwayo tsavoraiti. Mjiolojia Campbell Bridges aliiona kwanza Tanzania mwaka 1967, akaikuta tena upande wetu karibu na Tsavo, na mwaka 1974 sonara wa Marekani, Tiffany, wakaipa jina la mbuga hiyo. Kijani chake chatokana na vanadi na kromi. Ni kito cha thamani, kigumu, na bei yake ni ya sonara. Kama nia yako ni shaba, hiyo si safari yako.

Kuna jiwe la kijani lenye madoa mekundu au ya zambarau, kutoka Longido, Tanzania, linalojulikana tangu 1954. Yale mekundu ni yakuti, ile sehemu ya kijani ni zoisaiti, na rangi yake ni ya kromi. Ni zuri, ni gumu, halidhuriki kirahisi. Kwa mtu anayetaka pambo tu la mezani ambalo watoto watalishika, nitasema wazi: hili litadumu kuliko malakiti. Lakini usilipie kwa jina la malakiti.

Halafu kuna jiwe la Kisii lililopakwa rangi. Kucha yako au sarafu italikwaruza bila taabu na chini yake utaona weupe au waridi. Ni kazi nzuri ya mikono ya watu wa Tabaka, na ina bei yake halali, ambayo ni ndogo.

Tukirudi kwenye shaba yenyewe, mnunuzi wa Mombasa ana aina tatu za kufikiria.

Malakiti ndiyo ya kwanza na ndiyo inayopatikana. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni shaba. Huonekana kwa mistari ya kijani kilichokolea na kijani hafifu ikizungukana, au kwa mafundo ya duara yaliyogandamana, au kwa nyuzinyuzi laini zinazong'aa mithili ya mahameli. Elewa jambo moja kabla hujatoa pesa: malakiti ni nadra sana kuonyesha fuwele moja moja zenye kona kali. Akikuonyesha mtu "fuwele ya malakiti" ndefu, angavu, yenye ncha, na ya bei rahisi, hapo pana walakini. Fuwele za kweli za malakiti ni zile nyuzi, na kipande chenye nyuzi safi zisizolala ndicho cha kukimbilia ukikiona.

Dioptasi ndiyo ya pili. Hii ndiyo fuwele hasa: kijani cha zumaridi, kona zake kali, mara nyingi vipande vya milimita chache vimejipanga juu ya mwamba mweupe au wa kahawia. Rangi yake iliwahadaa hata wataalamu. Zile zilizotoka Kazakhstan mwishoni mwa karne ya 18 zilidhaniwa ni zumaridi, hadi Haüy wa Ufaransa alipoitenga kuwa madini yake yenyewe mwaka 1797. Katanga inayo, Kongo ya Brazzaville inayo, na zile maarufu za Tsumeb, Namibia, zimepanda bei kwa kuwa mgodi ule ulifungwa mwaka 1996. Kishada cha ukubwa wa kidole gumba huuzwa kwa makumi ya dola, na kizuri hupita mamia. Tena ni dhaifu: hupasuka kwa urahisi kufuata mistari yake ya ndani. Kwa mfuko mdogo, dioptasi ni ya mwaka wa pili.

Krisokola ni ya tatu, kijani kinachovutia kwenye buluu. Ni rahisi kuliko zote na ni laini kuliko zote. Kipande chenye malakiti na krisokola pamoja ni biashara nzuri. Cha krisokola pekee, kinachomomonyoka kikishikwa, mwachie mwenyewe.

Kwa nini ghafi na si yai

Yai lililong'arishwa lina bei ya jiwe, bei ya fundi, bei ya msasa, na bei ya mtalii. Fundi amekata sehemu ile ile ambayo mkusanyaji anaitafuta, yaani uso wa asili. Tena jiwe lililokatwa ni rahisi kughushi kuliko jiwe ghafi: unga wa malakiti ukichanganywa na gundi ya resini, ukakandamizwa na kung'arishwa, macho ya kawaida hayatatofautisha. Kughushi mafundo ya asili yenye udongo wa mgodi kwenye mianya ni kazi ngumu zaidi na haina faida kwa kipande cha bei ndogo.

Kuna siri moja ambayo wachache huitumia. Uliza mabaki. Shanga, mayai na wanyama hukatwa kutoka mawe makubwa, na pembe zinazobaki huwa hazina mwenyewe. Muuzaji anayeagiza bidhaa za malakiti mara nyingi ana vipande vilivyovunjika njiani, sikio la tembo, nusu ya sanduku, au jiwe ambalo halikuchongwa kwa sababu lina ufa. Kwake ni hasara, kwako ni sampuli. Kipande kilichovunjika chaonyesha mistari ya ndani vizuri kuliko kizima.

Bei za vibandani hazibandikwi, kwa hiyo linganisha kwa gramu. Tuseme kibanda kimoja wataka shilingi 1,500 kwa yai la gramu 150, na kingine wataka shilingi 2,000 kwa jiwe ghafi la gramu 400. La kwanza ni shilingi 10 kwa gramu, la pili ni 5. Mtu akisema la kwanza ni rahisi, amehesabu noti, hakuhesabu jiwe. Lakini usiendeshwe na uzito peke yake: jiwe la gramu 400 ambalo robo tatu ni mwamba mweusi na kijani ni ngozi tu ya juu, si malakiti ya gramu 400.

Vipimo vya nyumbani

Hapa ndipo pesa nyingi huokolewa, na vifaa ni vichache: mizani ya jikoni ya dijitali, glasi ya maji, uzi, na kipande cha kigae cha sakafu kilichovunjika. Kigae utapewa bure mahali popote panapojengwa nyumba.

Anza na kigae. Geuza upande wa nyuma usio na mng'ao, usugue pembe ya jiwe mahali pasipoonekana. Malakiti huacha alama ya kijani hafifu. Kioo na plastiki haviachi unga wa kijani. Jiwe la Kisii lililopakwa rangi litaacha weupe mara rangi ya juu ikiisha. Kisha utonee ule unga tone moja la siki au ndimu. Malakiti ina kaboneti ndani yake, nao unga utatoa viputo vidogo polepole. Tone liwe juu ya unga kwenye kigae, kamwe lisiwe juu ya jiwe, kwa sababu ndimu huiua ile nuru ya uso wake na hairudi.

Kipimo cha pili ni cha uzito ndani ya maji. Pima jiwe kavu, uandike gramu zake. Weka glasi ya maji juu ya mizani, uirudishe mizani kwenye sifuri, kisha lining'inize jiwe kwa uzi lizame lote bila kugusa kando wala chini. Namba itakayoonekana ni ujazo wa jiwe. Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Jiwe la gramu 200 likionyesha 52 majini, unapata 3.8, na malakiti safi huwa kati ya 3.6 na 4. Likionyesha 75, unapata takriban 2.7, na hapo umeshika marumaru au kioo. Likionyesha 150, ni plastiki. Ile ya unga na resini huangukia katikati, chini ya ile safi. Kipimo hiki hakifai kwa jiwe lenye mwamba mwingi, wala kwa krisokola ambayo ni nyepesi kwa asili.

Muuzaji mwema hatakukataza kupima. Akikataa, tabasamu, mshukuru, uende zako.

Sasa zile fuwele za kijani zinazometameta. Nyingi zinazouzwa rahisi duniani zimekuzwa kiwandani au jikoni kutokana na chumvi ya fosfati, jamaa ya mbolea, ikatiwa rangi, ikaoteshwa juu ya jiwe la kawaida ili ionekane imetoka ardhini. Kipimo chake ni kidole kilicholoa maji. Ukisugua kidogo na ikawa telezi au inanata, inayeyuka. Na jiwe la shaba la asili ulilokuja kununua haliyeyuki kwa mate. Kwa unyevu wetu wa pwani, fuwele hiyo yaweza kuharibika yenyewe kabatini.

Kagua gundi pia. Vishada vya dioptasi vilivyoanguka hubandikwa tena. Tafuta mstari unaong'aa kati ya fuwele na mwamba, au kiputo cha hewa kilichonaswa. Na jiwe lililopakwa mafuta au vanishi ili likolee, lipanguse kwa kitambaa cheupe. Likiacha mafuta, punguza bei.

Kijani cha kuogopa

Hili si la pesa tu. Katanga ni nchi ya urani pia. Shinkolobwe, mgodi uliotoa urani ya mabomu ya kwanza ya Marekani, uko huko huko karibu na Likasi, na Musonoi ya Kolwezi imetoa madini ya kijani yenye shaba na urani pamoja. Moja ni tobanaiti: vibamba vya mraba, vyembamba, vya kijani angavu, vinavyopukutika. Jingine ni sindano nyembamba za kijani zilizotawanyika juu ya mwamba. Yote mawili hutoa mionzi, na hutoa gesi ya radoni inayokusanyika chumbani.

Ni mawe mazuri mno, na hapo ndipo penye hatari. Wakusanyaji wenye vifaa vya kupimia mionzi na makabati yenye hewa huyanunua kwa kujua. Wewe unayelala na kupika katika chumba kimoja Kisauni au Likoni huna nafasi hiyo. Kibamba chembamba cha mraba au sindano za kijani kutoka Katanga, bila jina na bila kipimo, si za kununua hata ukipewa bure. Kuingiza na kumiliki vitu vya mionzi pia ni jambo la Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia Kenya, na hutaki kuanza nao kwa njia hiyo.

Malakiti yenyewe haina mionzi, ila vumbi lake ni sumu mapafuni na tumboni. Usiikate wala kuisaga bila maji na barakoa. Na wanaouza malakiti ya kutia ndani ya maji ya kunywa ili "kusafisha mwili", waambie wayanywe wao. Shaba iliyoyeyuka ni ya kutapisha.

Mahali pa kununua, na gharama zisizotajwa

Usitarajie duka la sampuli za madini mtaani kwako. Wa Likoni ana nafuu kuliko anavyodhani: feri ni bure kwa anayetembea kwa miguu, na kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi vibanda vya vinyago vya Moi Avenue kuelekea Pembe za Ndovu. Wa Kisauni avuke daraja la Nyali, wa Changamwe apite Makupa. Nenda asubuhi siku ya kazi, si siku ambayo meli ya watalii imetia nanga, maana siku hiyo bei haina masikio.

Wachuuzi wa fukweni Diani na Nyali ni wa mwisho kwenye orodha yangu. Wanauza karibu na hoteli, na bei inavaa nguo za hoteli. Tena ufukweni hakuna meza ya kuwekea mizani, na ukigundua kasoro kesho, hutampata aliyekuuzia.

Karakana za Bombolulu, zilizoanzishwa mwaka 1969 na Chama cha Watu Wenye Ulemavu wa Viungo, ni pazuri kwa bangili na pete. Nenda kwa ajili ya kazi ya mikono, usiende kwa ajili ya sampuli. Wachongaji wa Kikamba pale Changamwe nao ni wa mbao, lakini wana kitu utakachohitaji: kibanzi cha mbao kilichobaki, cha kutengenezea kigoda cha jiwe lako. Kitakugharimu kidogo kuliko kile cha plastiki cha dukani.

Njia nyingine ni kumwagiza mtu anayefanya biashara ya Dar es Salaam, Zambia au Lubumbashi. Kwa kilo, bei ni nzuri kuliko popote. Lakini hesabu yote. Jiwe hili ni zito, na mabasi na wasafirishaji hutoza kwa uzito. Kuna ada ya kutuma pesa na ada ya kuzitoa, kuna chake aliyebeba, na mpakani kuna maswali. Kuna pia hatari ya kuletewa kisichokuwa ulichoonyeshwa kwenye picha. Lipa nusu kabla, nusu ukishapima. Kama usemavyo msemo, mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni uzito, aina, na nani anabeba hasara ya kuvunjika.

Mtandaoni uteuzi ni mkubwa na majina ya migodi huandikwa, jambo ambalo vibanda havifanyi. Gharama ndiyo inayoua. Tuseme jiwe ni dola 12 na usafiri dola 25. Tukichukua shilingi 130 kwa dola, tayari uko kwenye shilingi 4,810 kabla ya forodha. Juu yake kuna VAT ya asilimia 16, ada ya tamko la kuingiza bidhaa, ushuru wa reli, ushuru wa forodha ikiwa bidhaa imewekwa kwenye kundi linalotozwa, na ada ya msafirishaji kwa kazi ya kukutolea mzigo. Jiwe la shilingi 1,560 laweza kukufikia kwa mara nne ya bei yake. Njia hii ina maana kwa dioptasi ndogo ya bei kubwa, ambayo usafiri wake ni sehemu ndogo ya gharama. Kwa malakiti ya kawaida haina maana hata kidogo.

Wapo wanaofikiria kupanda treni hadi Nairobi kutafuta bei nzuri. Nauli ya daraja la kawaida kutoka Miritini ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 mwanzoni mwa 2024. Kwenda na kurudi ni shilingi 3,000, hujala, hujapanda matatu ya kutoka Syokimau kuingia mjini. Hiyo ni bajeti yote ya jiwe lako la kwanza. Kama una shughuli nyingine Nairobi, sawa. Idara ya Madini na Jiolojia iko Madini House, barabara ya Machakos, na ndiko kwa kuuliza utambuzi rasmi wa jiwe la bei kubwa. Vinginevyo baki Mombasa.

Gharama nyingine haionekani kabisa: karatasi. Jiwe lenye jina la mgodi au mji lina thamani kwa wakusanyaji. Lile lile bila jina ni pambo. Mwambie muuzaji aandike kwenye risiti aina, mahali lilipotoka, uzito na tarehe. Akikosa risiti, andika mwenyewe mbele yake na aweke sahihi. Karatasi hiyo ndogo, ikunje, iweke pamoja na jiwe daima.

Usinunue kwa nia ya kuuza tena kwa faida. Soko la marudio la mawe haya Mombasa ni dogo, na yule aliyekuuzia kwa 2,000 kesho atakupa 500 huku akikuonea huruma.

Kulitunza kwa gharama ndogo

Malakiti ni laini. Kisu huikwaruza, na hata mchanga wa ufukweni wenye chembe za kwatzi huikwaruza. Usiipanguse kavu ikiwa na vumbi. Ioshe kwa maji ya kawaida, tone la sabuni laini na mswaki wa zamani, kisha uikaushe mara moja. Siki, ndimu, amonia, dawa za choo na maji ya moto ni marufuku. Dioptasi iguse kwa maji tu, au usiiguse.

Adui wa pwani ni unyevu wenye chumvi. Malakiti yenyewe huvumilia, lakini mwamba wake ukiwa na chembe za salfaidi za dhahabu-dhahabu, hizo huoza na kutoa asidi itakayolila jiwe. Sanduku la plastiki lenye kifuniko, na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu, vinatosha. Kwa kulibeba, omba mabaki ya sponji kwa fundi wa magodoro. Jiwe la shilingi 2,000 likivunjika kwenye matatu kwa kukosa sponji ya bure, hakuna wa kulipa.

Kwa mwalimu au mtoto wa klabu ya sayansi anayetaka fuwele na hana hata elfu moja, kuna mrututu, yaani salfati ya shaba, wa duka la kilimo. Ukiyeyushwa kwa maji ya moto hadi ukatae kuyeyuka zaidi, ukaachwa siku kadhaa na uzi ndani, hutoa fuwele za buluu zenye kona safi. Ni sumu, kwa hiyo mtu mzima awepo na chombo kisirudi jikoni. Fuwele hizo zibandike jina lake la kweli, kwa kuwa ni za shaba lakini si za asili na si za kijani.

Sheria nayo ijue kwa ufupi. Sheria ya Madini ya 2016 inaweka madini yote chini ya Jamhuri, na kuyatafuta, kuyafanyia biashara au kuyapeleka nje ya nchi kunataka leseni au kibali. Ukinunua kipande cha kuweka nyumbani, dai risiti. Ukitaka kumpelekea ndugu Muscat au London jiwe ghafi, uliza kibali kabla hujafunga begi, na usimsikilize muuzaji anayesema uwanja wa ndege hakuna anayeangalia.

Kwa mwenye shilingi 1,000, atafute mabaki ya malakiti yenye mistari, ayapime kwa kigae, atoke na kipande cha kiganja. Mwenye 3,000 hadi 4,000 achukue jiwe ghafi lenye mafundo ya asili na jina la mahali, na abakishe 300 za sanduku na sponji. Mkiwa wanne mtaani wenye hamu moja, agizeni kilo moja kwa pamoja na mgawane usafiri. Hiyo ndiyo bei nafuu kuliko zote nilizozitaja. Mwenye 10,000 na zaidi anaweza kufikiria dioptasi ndogo ya mtandaoni yenye jina la mgodi, baada ya kuuliza forodha jumla ya malipo kwa maandishi. Na yeyote kati yenu akionyeshwa fuwele kubwa, angavu, ya kijani, kwa shilingi 800, alowanishe kidole kwanza.